Upasuaji wa Nyonga za Mbwa: Umri Kwanza, Kisu Baadaye

Mwenyekiti wa kikao, wenzangu madaktari wa mifugo, wanafunzi, na ninyi wafugaji mliojaza viti vya nyuma, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa nyonga za mbwa. Mara nyingi mazungumzo haya huanza kwa kuuliza ni upasuaji gani ulio bora, na hapo ndipo muda unapotupotea. La kuuliza kwanza ni hili: mbwa ana umri gani, na kiungo chake kimefika wapi katika kuharibika? Kuna upasuaji unaomfaa mbwa wa wiki 14 ambao akifika wiki 24 haumsaidii kitu. Kuna mwingine unaomkaa vizuri akiwa na miezi sita, lakini akishatimiza mwaka na nusu ni kazi bure. Linaloudhi ni kwamba wakati njia bado ni nyingi, mbwa mwenyewe anaruka na kucheza, hachechemei hata kidogo. Akianza kuchechemea, nusu ya njia zimeshafungwa.

Mtoto wa mbwa huzaliwa na nyonga zinazoonekana nzima. Kasoro hujitokeza wiki chache baadaye: mfuko wa kiungo na ukano wa ndani hulegea, kichwa cha fupa la paja kinaacha kukaa katikati ya kikombe chake, na kila hatua kinapanda ukingo kisha kinarudi. Fikirini mchi unaopiga ukingo wa kinu badala ya kitako chake. Ukingo unamomonyoka, mchi nao unabapa. Mifupa ya mbwa mchanga ni laini, kwa hiyo miezi michache inatosha kukifanya kikombe kipoteze kina. Mwili hujitetea kwa kunenepesha mfuko wa kiungo na kuotesha mfupa wa ziada, na hayo ndiyo tunayoyaona kwenye eksirei tukasema kiungo kimechakaa.

Urithi una sehemu kubwa hapa, tena wa jeni nyingi kwa pamoja. Chakula nacho kina sehemu yake. Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao. Waliopunguziwa walichelewa sana kupata yabisi ya nyonga, na wakaishi karibu miaka miwili zaidi. Ninalitaja hili mapema kwa sababu hakuna upasuaji hata mmoja nitakaoueleza leo unaofanya kazi vizuri kwa mbwa mnene.

Sasa, kabla hatujashika kisu, tuhakikishe tatizo ni nyonga. Mbwa wengi wakubwa wana nyonga mbaya kwenye picha na hawana shida nazo. Siku moja mbwa kama huyo anaanza kuchechemea mguu wa nyuma, anapigwa eksirei ya nyonga, picha inatisha, na nyonga inabebeshwa lawama. Kumbe kilichokatika ni ukano wa ndani ya goti. Nyonga iliyochakaa humfanya mbwa awe mzito kuamka na mgumu asubuhi. Ni nadra kumfanya akunje mguu ghafla asikanyage kabisa. Mkikuta mguu umekunjwa, pimeni goti kwanza. Pimeni na mgongo wa chini, na mtazame kama anakanyagia mgongo wa vidole, maana hiyo ni ishara ya mishipa ya fahamu.

Kipimo cha mkono kilichonifaa kuliko vyote ni cha Ortolani, na nitakieleza kwa kirefu kwa sababu wengi hukifanya haraka. Mbwa apewe dawa ya kumtuliza ya kutosha, maana misuli iliyokaza huficha kila kitu. Mlaze chali. Shika goti, sukuma fupa la paja kuelekea mgongoni, polepole, bila kuachia. Kama kiungo ni legevu, kichwa cha fupa kitapanda ukingo wa kikombe. Ukiwa bado unasukuma, fungua paja kuelekea nje. Mahali fulani utahisi mshtuko mdogo kiganjani, na mara nyingine utausikia kabisa: kichwa kimedumbukia kikombeni. Andika paja limefunguka digrii ngapi hapo. Kisha lirudishe ndani taratibu mpaka kichwa kichopoke tena, uandike na digrii hizo. Pembe hizi mbili zitatumika baadaye. Sikiliza pia namna ya mlio. Mlio mkavu, wa mara moja, maana yake ukingo wa kikombe bado ni mkali. Kama kichwa kinateleza kwa uvivu au kinakwaruza, ukingo umeshaliwa. Na mbwa mtu mzima anaweza asitoe mlio wowote, kwa kuwa mfuko wa kiungo umeshakuwa mnene na kikombe kimejaa mfupa. Ukimya wa nyonga ya mbwa wa miaka mitano si cheti cha afya.

Kwenye eksirei ya kawaida mbwa hulazwa chali, miguu ya nyuma ikavutwa sambamba. Nyonga ikiinama upande mmoja, picha itadanganya: upande mmoja utaonekana mzuri kuliko ulivyo, mwingine mbaya kuliko ulivyo. Pembe ya Norberg, inayoonyesha kichwa kimekaa ndani ya kikombe kiasi gani, kwa nyonga nzuri ni digrii 105 au zaidi. Udhaifu wa picha hii ni kwamba kuvuta miguu kunaupota mfuko wa kiungo na kukikaza kichwa ndani, hivyo ulegevu unajificha. Njia ya PennHIP, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, hupima ulegevu wenyewe kwa kukitenga kichwa na kikombe wakati wa kupiga picha, na inaweza kufanyika kuanzia wiki ya 16. Kipimo hicho cha ulegevu kikiwa chini ya 0.30, hatari ya kiungo kuchakaa ni ndogo mno.

Upasuaji wa kwanza kwa umri ni wa kuunguza gegedu la ukuaji linalounganisha mifupa miwili ya kinena. Hufanywa wiki ya 12 hadi ya 16. Kufikia wiki ya 20 faida imeshapungua sana. Mantiki yake ni rahisi na inapendeza. Ukisimamisha ukuaji wa upande wa chini wa nyonga huku sehemu nyingine zikiendelea kukua, vikombe vyote viwili vinazunguka kidogo kidogo na kufunika vichwa vizuri zaidi. Mbwa mwenyewe ndiye anayeikamilisha kazi kwa kukua. Kibofu kitolewe mkojo kwanza. Chale ni fupi, juu ya kinena. Ncha ya kifaa cha kuunguzia kwa umeme huwekwa kwenye gegedu, wati 40 hivi, kwa sekunde 10 hadi 30 kila nukta, nukta zikiachana milimita mbili au tatu. Hatari kubwa iko nyuma ya mfupa, ambako mrija wa mkojo na utumbo mnyoofu vinapita. Kidole cha mpasuaji au kifaa bapa kikae pale kama kinga muda wote joto likitumika. Mbwa huweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sharti moja halina mjadala: mbwa aliyefanyiwa hivi afungwe uzazi, na ikiwezekana papo hapo chini ya nusukaputi ile ile. Nyonga zake zitaonekana nzuri kwenye picha za baadaye, lakini jeni ni zile zile. Kumzalisha ni kumuuzia mtu ugonjwa uliofunikwa.

Baada ya hapo huja upasuaji wa kukata na kuzungusha mifupa ya nyonga. Zamani mifupa ilikatwa mahali patatu: kinena, iliamu (mfupa bapa wa juu wa nyonga) na mfupa wa kalio. Siku hizi wengi wetu tunakata mawili ya kwanza na kuuacha wa kalio, kwa sababu nyonga inabaki imara zaidi, mbwa anaumia kidogo, na pande zote mbili zinaweza kufanywa kwa mara moja. Mfupa wa iliamu ukishakatwa, kipande chenye kikombe huzungushwa kikashikiliwa na bamba maalumu lililopindwa tayari, kwa kawaida digrii 25 au 30.

Anayefaa ni mbwa wa miezi mitano hadi kama kumi, mwenye ulegevu lakini asiye na dalili ya kiungo kuchakaa kwenye picha, na mwenye mlio safi. Zile pembe mlizoandika ndizo zinazoamua hapa. Kichwa kikihitaji paja lifunguliwe zaidi ya digrii 30 hivi ndipo kirudi, au kikichopoka huku paja likiwa bado limefunguka sana, bamba halitaweza kufidia. Mpasuaji akilazimisha kwa kuzungusha zaidi, shingo ya fupa la paja itagonga ukingo wa kikombe, na mbwa atatembea kwa miguu iliyobanwa. Kinachoharibika mara nyingi zaidi ni skrubu kulegea, hasa zile za mbele, kwa kuwa mfupa wa mbwa mchanga ni laini na mchanga huyo hataki kutulia. Mabamba ambayo skrubu hujifunga ndani yake yamepunguza tatizo hili sana. Picha ya kuangalia irudiwe baada ya wiki sita hadi nane, na mpaka ionyeshe mfupa umeunga, mbwa atoke kwa kamba fupi tu, kwa ajili ya haja.

Wapo pia mbwa wa miezi mitano hadi minane wanaokuja na maumivu makali, kisha wakifikisha mwaka au mwaka na nusu wanatulia wenyewe, kwa sababu mfuko wa kiungo umekuwa mnene na mtikisiko umepungua. Kiungo hakijapona, ila mbwa anaishi. Kwa hiyo upasuaji usiwe jibu la kwanza kwa kila mmoja. Kupunguza uzito, matembezi ya wastani ya kila siku, na dawa za maumivu zilizoandikwa na daktari huwatosha wengi kwa miaka. Huwa sipendi kusikia mwenye mbwa ameambiwa “tukate leo” kwa picha moja.

Dawa zikishindwa, na umri wa kuzungusha mifupa umepita, zinabaki njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni kuondoa kichwa na shingo ya fupa la paja. Hakiwekwi kitu mahali pake. Mwili hujaza nafasi kwa nyama ya kovu, na misuli hubeba mguu. Maumivu ya mfupa kusugua mfupa yanaisha, lakini mguu unakuwa mfupi kidogo na paja halinyooki nyuma kama zamani. Mbwa wa chini ya kilo 20 au 25, mwembamba, mwenye misuli, hufanya vizuri mno, hata mgeni asitambue. Mbwa wa kilo 40 anaweza kupata nafuu ya maumivu, ila mwendo wake hautakuwa wa kawaida, na mwenye mbwa aambiwe hivyo kabla.

Upasuaji huu una sifa ya kuwa rahisi, na sifa hiyo imewaumiza mbwa wengi. Kukata ni rahisi. Kukata mahali sahihi si rahisi. Kiungo hufikiwa kwa mbele na juu, sehemu ya kano ya msuli wa ndani wa kalio ikikatwa ili kupata nafasi. Mfuko wa kiungo unafunguliwa, ukano wa ndani unakatwa kwa mkasi uliopinda, kisha mguu unazungushwa nje digrii 90 mpaka pia ya goti itazame dari. Hapa wengi huharakisha. Pia ya goti isipotazama juu sawasawa, mstari wote wa kukata unapotea. Mstari wenyewe huanzia ndani ya kitako cha nundu kubwa ya fupa la paja na kuishia juu tu ya nundu ndogo. Shingo ya fupa imeinama mbele kidogo. Msumeno ukishikwa wima kabisa, kipande cha nyuma cha shingo kinabaki kama mwiba. Mpasuaji haoni mwiba huo kwa kuwa uko upande wa pili, lakini mbwa atauhisi kila hatua, maana utakuwa unasugua ukingo wa kikombe. Kwa hiyo elekeza msumeno ukiufidia mwinamo huo, kisha ingiza kidole upapase nyuma. Mzungushe mguu pande zote. Ukihisi mkwaruzo, chukua tupa. Piga picha kabla mbwa hajaamka, kwa sababu kurekebisha wakati huo ni dakika kumi, na kurekebisha mwezi ujao ni upasuaji mwingine. Neva ya siatiki, mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, inapita nyuma ya kiungo. Ikingwe kwa kifaa bapa wakati msumeno unafanya kazi.

Na tofauti na upasuaji mwingine wowote wa mifupa, hapa mapumziko ni adui. Mbwa akilala wiki tatu kovu litakauka likiwa fupi na mguu utakakamaa. Tunataka akanyage kuanzia siku ya kwanza au ya pili, kwa matembezi mafupi, polepole ili alazimike kuutumia mguu. Mbwa akikimbia ataitumia miguu mitatu na kuuinua wa nne. Mazoezi ya kulikunja na kulinyoosha paja yafanywe mara tatu kwa siku, mikunjo 10 hadi 15 kila mara, dawa ya maumivu ikiwa imeshaingia. Kulinyoosha nyuma ndiko kunakopotea mapema, basi ndiko kutiliwe mkazo. Asiye tayari kwa kazi hii ya wiki sita au zaidi achague njia nyingine.

Njia nyingine ni kubadilisha kiungo chote. Kikombe bandia huwekwa kwenye nyonga, mhimili wa chuma unaingia ndani ya fupa la paja, na juu yake kinakaa kichwa cha chuma au cha kauri. Mifumo ipo ya aina mbili. Mmoja hushikizwa kwa saruji ya mifupa, ambayo mara nyingi huchanganywa na dawa ya kuua bakteria. Unashika papo hapo, lakini baada ya miaka saruji inaweza kuachana na mfupa. Mwingine hauna saruji: uso wake una vinyweleo, vipande hupigwa kwa nguvu mpaka vibane, na mfupa huota ndani ya vinyweleo kwa wiki kadhaa. Huu ukikosea, hukosea mapema. Mhimili unaweza kuzama ndani kabla mfupa haujaota, hasa kwa mbwa ambao uvungu wa fupa lao la paja ni mpana na mnyoofu kama bomba, na German Shepherd wengi wako hivyo. Mwanya wa ufa ukionekana wakati wa kupigilia, usiendelee kwa matumaini. Funga waya kuzunguka mfupa kwanza.

Kikombe kielekezwe nje kwa digrii 35 hadi 45. Kikiwa wazi kupita kiasi, kichwa kitachomoka juu. Kikifungwa kupita kiasi, shingo itagonga na kukikwanyua kichwa kitokee chini. Kuchomoka hutokea zaidi katika wiki sita hadi nane za kwanza, kabla kovu halijashika, na sakafu ya kuteleza ndiyo mshirika wake mkuu.

Lakini ninachokiogopa ni maambukizi. Bakteria wakishashika chuma, dawa peke yake haziwatoi, na mara nyingi vipande vyote hutolewa, mbwa akabaki kama aliyekatwa kichwa cha fupa tu. Ndiyo maana kabla ya siku ya upasuaji tunachunguza ngozi, masikio, meno na mkojo. Kipele kimoja chenye usaha tumboni kinatosha kuahirisha. Sefazolini, dawa ya kuua bakteria, hutolewa miligramu 22 kwa kila kilo kupitia mshipa, nusu saa kabla ya chale, ikarudiwa kila dakika 90. Milango ifungwe, watu wawe wachache, glovu ziwe mbili. Kazi ikienda vizuri, huu ndio upasuaji pekee unaoweza kumrudishia mbwa mkubwa mwendo wa kawaida kabisa, na wengi sana kati ya wanaofanyiwa na timu zilizozoea hufika hapo. Husubiri mifupa imalize kukua, na mbwa mwenye nyonga mbaya pande zote mara nyingi hutosheka na upande mmoja.

Niguse haraka matatizo mengine. Nyonga iliyochomoka kwa ajali mara nyingi hukimbilia mbele na juu: mguu unaonekana mfupi, umeingia chini ya mwili, vidole vimetazama nje. Piga picha mbili za pande tofauti kwanza. Kukiwa na kipande cha mfupa kilichokatika, au nyonga ilikuwa mbovu tangu mwanzo, usijaribu kuirudisha kwa kuvuta. Isipokuwa hivyo, irudishe chini ya nusukaputi ndani ya siku chache za kwanza, kisha ifunge kwa bendeji ya Ehmer, inayoukunja na kuuning'iniza mguu usikanyage, kwa siku 10 hadi 14, ukikagua kila siku kama vidole vimevimba au ngozi imechubuka. Takriban nusu huchomoka tena. Hao hufunguliwa, tundu likatobolewa kupitia shingo na kikombe, na uzi imara wenye kishikizo ukachukua nafasi ya ukano uliokatika. Iliyochomokea chini haitaki Ehmer. Hiyo hufungwa miguu miwili ya nyuma kwa pamoja isitanuke.

Mbwa wadogo wa miezi minne hadi kumi na moja wanaopungua msuli wa paja mmoja wafikiriwe ugonjwa wa Perthes, ambapo kichwa cha fupa hufa kwa kukosa damu. Kwao kuondoa kichwa ni tiba nzuri. Na mbwa wa chini ya mwaka aliyeanguka, kichwa kikakatika kwenye gegedu la ukuaji, apigwe pini sambamba, kwa kawaida tatu, ndani ya siku chache, ncha zisitokeze kwenye gegedu la kiungo. Shingo ya fupa hilo itaonekana kwenye picha imeliwa katikati baada ya wiki kadhaa. Wengi hawadhuriki na hilo.

Ninyi wafugaji, haya ya nyumbani. Siku tatu za mwanzo kanda kwa kitu baridi kilichofungwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Tandika zulia kila anapopita. Taulo lipitishwe chini ya tumbo kumsaidia kuinuka. Asilambe kidonda, nyuzi zitatolewa siku ya 10 hadi ya 14. Msimpe ibuprofeni wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu, na dawa za maumivu za mbwa zisichanganywe na za jamii ya kotisoni, tumbo litatoboka. Na mbwa aliyekuwa akikanyaga vizuri akiacha ghafla, msisubiri kesho. Mfungieni mahali padogo, mpigieni daktari simu saa hiyo hiyo, na asile kitu mpaka aonwe, kwa sababu huenda akahitaji nusukaputi siku hiyo.